Kutafuta Nasaba ya Wafaransa wa Kanada: Mwongozo Kamili wa Ndoa, Majina ya Ukoo na Daftari za Parokia

Anayetafuta mababu zake katika jimbo la Quebec ana bahati ambayo watafutaji wengi wa nasaba hawana. Walowezi wa Kifaransa walioanzisha mji wa Quebec mwaka 1608, Trois-Rivières mwaka 1634 na Montréal mwaka 1642 walikuwa karibu wote Wakatoliki, na mapadri wao waliandika ubatizo, ndoa na maziko kuanzia mwaka 1621. Tangu 1679 daftari hizo ziliandikwa nakala mbili, moja ikabaki parokiani na nyingine ikapelekwa mahakamani, hivyo kanisa likiungua mara nyingi nakala ya pili husalimika. Isitoshe, waanzilishi wenyewe walikuwa wachache. Wahamiaji wapatao 10,000 tu ndio waliolowea na kuacha kizazi, na kufikia mwaka 1760, Waingereza walipokuwa wakiiteka koloni hiyo, wakazi wake walikuwa wapatao 70,000. Kwa hiyo mtu mwenye bibi mmoja wa Quebec anaweza, kwa uvumilivu wa kawaida, kufika Ufaransa ya karne ya 17.

Kinachowakwamisha wengi ni jina la ukoo. Huingia kazini wakiwa wamelishika jina mkononi na kulifuata kurudi nyuma kana kwamba halikubadilika tangu Nuhu, ilhali majina ya watu hawa yalibadilishwa, yakaongezwa, yakakatwa na hata kutafsiriwa. Kisichobadilika ni muundo wa hati ya ndoa, ambayo kwa kawaida hutaja baba na mama wa bwana harusi na baba na mama wa bibi harusi, kila mwanamke kwa jina alilozaliwa nalo. Kanuni ya kazi hii yote ni kwenda kutoka ndoa hadi ndoa, na kulichukulia jina la ukoo kuwa kidokezo kinachosubiri kuthibitishwa.

Hatua ya kwanza: itafute ndoa ya mwisho iliyofungwa Quebec

Anza na walio hai. Kama una mwenza, mkwe au mzazi mwenye asili hiyo, waulize wazee wa upande huo majina kamili ya babu na bibi zao, majina ya parokia, na majina ya wasimamizi wa ubatizo. Vyeti vya matukio ya tangu tarehe 1 Januari 1994 hutolewa na Directeur de l'état civil, mamlaka ya serikali inayotunza kumbukumbu za vizazi, ndoa na vifo. Kabla ya tarehe hiyo daftari za makanisa ndizo zilizokuwa kumbukumbu rasmi za serikali. Hati ambazo hazijatimiza takriban miaka mia moja hufunguliwa kwa masharti kwa sababu ya faragha, kwa hiyo katika kipindi hicho utategemea zaidi vyeti vya nyumbani, matangazo ya vifo magazetini na maandishi ya makaburini.

Familia iliyohamia Marekani inahitaji kazi ya ziada. Kati ya 1840 na 1930 Wafaransa wa Kanada wapatao 900,000 walivuka mpaka, wengi wao wakaenda kufanya kazi katika viwanda vya nguo vya Lowell na Fall River huko Massachusetts, Manchester huko New Hampshire, Woonsocket huko Rhode Island na Lewiston huko Maine. Sensa za Marekani zitakuambia tu kwamba mtu alizaliwa “Kanada”, jambo lisilosaidia sana. Tafuta parokia ya Wafaransa aliyokuwa akisali, kwa sababu mapadri wa parokia hizo walitoka Quebec na waliendelea kuandika ndoa kwa mtindo wa kwao, wakitaja wazazi wa pande zote mbili na mara nyingine kijiji walichotoka. Ukishapata majina ya wazazi wanne wa wanandoa hao, umeshavuka mpaka kurudi kaskazini.

Hatua ya pili: yafahamu majina kabla hujafungua daftari

Hatua hii watu huiruka, kisha huilipia miezi ya kutafuta.

Jambo la kwanza ni jina la mwanamke. Katika hati za Quebec mwanamke hubatizwa, huolewa, huzaa na huzikwa kwa jina la baba yake. Mitaani aliweza kuitwa kwa jina la mume, lakini padri na notari, yaani mwandishi rasmi wa mikataba ya kisheria, waliandika jina lake la kuzaliwa, wakiongeza “mke wa” au “mjane wa” fulani. Tangu Aprili 1981 sheria ya Quebec inamtaka kila mwenza abaki na jina lake la kuzaliwa katika haki na shughuli zake za kisheria, na mtoto anaweza kupewa jina la mzazi mmoja au jina la pande zote mbili, mradi lisizidi sehemu mbili. Kwa mtafutaji, maana yake ni kwamba mstari wa akina mama unafuatilika sawasawa na wa akina baba. Ole wake, hata hivyo, anayemtafuta bibi huyohuyo katika makaburi ya Massachusetts, kwa kuwa huko atakuwa amezikwa kwa jina la mume.

Jambo la pili ni majina ya ubatizo. Katika karne ya 19 na sehemu ya karne ya 20, karibu kila mvulana alipewa kwanza jina Joseph na karibu kila msichana Marie. Mara nyingi likafuata jina la msimamizi wa ubatizo, na mwishoni ndipo likaja jina ambalo mtoto angeitwa maisha yake yote. Msichana aliyeandikwa Marie Louise Albertine kwenye ubatizo huenda akawa Albertine tu kwenye ndoa yake na kwenye sensa. Ukiona Joseph watano katika nyumba moja, usidhani kwamba wazazi walipungukiwa majina. Angalia jina la mwisho la kila mmoja. Angalia pia tarehe za maziko, maana mtoto akifariki mchanga, jina lake mara nyingi alipewa mdogo wake aliyezaliwa baadaye.

Jambo la tatu, na ndilo gumu kuliko yote, ni majina yenye “dit”, neno la Kifaransa lenye maana ya “aitwaye”. Mtu aliweza kuandikwa Hudon dit Beaulieu, Miville dit Deschênes au Gagné dit Bellavance, yaani jina la ukoo likifuatwa na lakabu ambayo nayo ilirithishwa kwa watoto. Chanzo kimoja kikubwa kilikuwa jeshi. Kikosi cha Carignan-Salières kilifika mwaka 1665 kikiwa na askari zaidi ya 1,000, na wapatao 400 kati yao walibaki kuwa wakulima. Askari wa Kifaransa alikuwa na lakabu ya kijeshi, na ndipo yalipotoka majina kama Lafleur, Laviolette, Jolicoeur, Sansoucy na Vadeboncoeur. Kwa kuwa lakabu hizo zilikuwa za kawaida jeshini, watu wawili wanaoitwa Lafleur leo hawana sababu yoyote ya kuamini kwamba ni ndugu.

Lakabu nyingine zilitokana na mahali, kama Langevin kwa mtu wa Anjou, Picard kwa mtu wa Picardie, au Saintonge, ambalo ni jina la mkoa wa zamani wa Ufaransa. Hili la mwisho lilikuja kuandikwa St-Onge, ingawa hakuna mtakatifu Onge katika kalenda yoyote ya Kanisa. Nyingine zilitenganisha matawi ya ukoo mmoja uliojaa katika eneo moja. Mfano mzuri ni ukoo wa Rivard wa Batiscan huko Quebec, ulioanzishwa na ndugu wawili, Nicolas Rivard dit Lavigne na Robert Rivard dit Loranger. Wana wao walichukua lakabu za Lanouette, Lacoursière, Bellefeuille, Montendre na nyinginezo, na baada ya vizazi vichache wengi wakaliacha kabisa jina Rivard. Wasomaji wa Uganda wanalifahamu mojawapo ya majina hayo, kwa kuwa askofu Mmisionari wa Afrika aliyeongoza Kanisa la Mbarara tangu 1934 alikuwa François-Xavier Lacoursière wa Quebec. Anayetafuta ukoo wa jina hilo akatazama orodha ya abiria wa karne ya 17 hatamwona Lacoursière hata mmoja, na si kwa sababu orodha ina kasoro.

Hati moja inaweza kubeba majina yote mawili, nyingine la kwanza peke yake, na ya tatu lakabu tu, hata kwa mtu yuleyule na padri yuleyule. Ndugu wa tumbo moja waliweza kufunga ndoa kwa majina tofauti. Desturi hiyo ilififia katika nusu ya pili ya karne ya 19, kila familia ikabaki na jina moja, na hakuna kanuni ya kukuambia ni lipi lililobaki. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta, tengeneza orodha ya majina yote yaliyowahi kuambatana na ukoo wako, na utafute kwa kila moja.

Jambo la nne ni tahajia na tafsiri. Padri aliandika alichosikia, na wengi wa waumini wake walitangaza kwamba hawajui kutia saini. Miishio -eau, -ault na -eault husomwa sawa, na herufi H mwanzoni haisikiki. Guyon likawa Dion katika baadhi ya matawi. Mwimbaji Céline Dion anatoka kwa Jean Guyon, mwashi aliyekuja kutoka eneo la Perche huko Ufaransa katika miaka ya 1630. Huko Marekani mambo yalizidi. Boisvert akawa Greenwood, Roy akawa King, Leblanc akawa White na Lévesque akawa Bishop, zote zikiwa ni tafsiri. Benoit akawa Benway, Archambault akawa Shambo na Gauthier akawa Gokey, kwa sababu karani msemaji wa Kiingereza aliandika sauti aliyoisikia. Usitafsiri kinyumenyume kwa kubahatisha: King anaweza kuwa Roy, na anaweza pia kuwa Mwairishi wa haki kabisa.

Hatua ya tatu: panda ngazi ya ndoa

Ukishapata ndoa moja ya uhakika, una wazazi wa bwana harusi na wazazi wa bibi harusi. Tafuta ndoa ya kila jozi, kisha ndoa za wazazi wao, na kuendelea. Ubatizo unausoma baadaye, kwa ajili ya kupata tarehe na kuthibitisha.

Ndoa nyingi zilifungwa katika parokia ya bibi harusi, kwa hiyo ukimkosa bwana harusi parokiani kwake, mtafute ukweni. Majira nayo yanasaidia. Kanisa halikufungisha ndoa katika Majilio na Kwaresima ila kwa ruhusa maalumu, na wakulima hawakuwa na nafasi wakati wa mavuno, hivyo ndoa zikajazana Novemba, Januari na Februari, hasa siku za Jumatatu na Jumanne. Unapopekua daftari lisilo na faharasa, anzia miezi hiyo.

Kuhusu vyombo vya kazi, tovuti ya nasaba ya FamilySearch ina picha za daftari za Kikatoliki za Quebec bila malipo, na Bibliothèque et Archives nationales du Québec, maktaba na hifadhi ya taifa ya jimbo hilo, ina nyaraka nyingi mtandaoni. Mkusanyo wa Drouin, uliotokana na kazi kubwa ya kupiga picha nakala za mahakamani, unapatikana kwa kulipia. Kwa kipindi cha zamani, chombo bora ni kanzidata ya PRDH ya Chuo Kikuu cha Montréal, mradi ulioanza mwaka 1966 na kuunganisha hati za mtu mmoja mmoja kuwa familia. Utakutana pia na kamusi ya nasaba ya padri Cyprien Tanguay, juzuu saba zilizochapishwa kati ya 1871 na 1890. Ni kazi ya kuheshimiwa, lakini ina makosa mengi ambayo kamusi ya René Jetté ya mwaka 1983 ilirekebisha kwa kipindi cha kabla ya 1730. Miti ya ukoo ya mtandaoni iliyojengwa na watu binafsi itumie kama fununu tu, kwa sababu makosa ya Tanguay bado yanazunguka humo.

Hatua ya nne: isome hati yenyewe

Chukua ndoa ya kawaida ya miaka ya 1800. Inaanza na tarehe, mwaka ukiwa umeandikwa kwa maneno, “mil huit cent” na kuendelea, kisha inataja matangazo matatu yaliyosomwa kwenye misa za Jumapili, au ruhusa ya kuacha moja au mawili kati yake. Baada ya hapo linakuja jina la bwana harusi, kazi yake, na maneno “fils majeur” au “fils mineur de”, yaani mwana aliyetimiza au asiyetimiza umri wa utu uzima, ambao ulikuwa miaka 25 hadi mwaka 1782 na miaka 21 baadaye. Kabla ya jina la mzazi tazama kama kuna “feu” au “défunt”, maana yake ni marehemu, na hivyo umepata kikomo cha kutafuta maziko yake. Linafuata jina la mama, kisha parokia ya familia. Upande wa bibi harusi hurudia mpangilio uleule. Mwishoni kuna mashahidi, ambao mara nyingi ni baba, kaka au mjomba, na uhusiano wao huwa umetajwa. Usiwaruke mashahidi. Pale majina yanapofanana, wao ndio wanaoamua ni François yupi aliyesimama mbele ya altare.

Mtego mmoja wa tarehe umewaponza wengi: “7bre” ni Septemba na si Julai, “8bre” ni Oktoba, “9bre” ni Novemba, na “Xbre” ni Desemba, kwa kufuata hesabu ya Kirumi ya miezi.

Ukikuta ruhusa ya kuoana licha ya udugu wa damu, furahi, kwa sababu umepewa kipande cha mti bure. Kanisa lilihesabu madaraja kutoka kwa babu wa pamoja kushuka chini. Daraja la pili ni wajukuu wawili wa babu mmoja, la tatu ni vitukuu, la nne ni vilembwe. Ikiandikwa “du troisième au quatrième degré”, mmoja ni kitukuu na mwingine kilembwe wa wazee walewale. Kama mti uliouchora hauwaunganishi wanandoa hao kwa kiwango hicho, kuna kiungo umekikosea.

Hatua ya tano: mnyororo unapokatika

Kikwazo cha kawaida kuliko vyote ni ndoa ya pili. Mjane au mgane anapooa au kuolewa tena, padri kwa kawaida hutaja mwenza aliyefariki na kuacha kuwataja wazazi. Suluhisho ni kuitafuta ndoa ya kwanza, ambayo jina la yule marehemu tayari umepewa.

Kama hati ya kanisa imepotea, nenda kwa notari. Chini ya sheria ya Kifaransa wanandoa wengi waliandikishana mkataba wa mali kabla ya kwenda kanisani, na mkataba huo hutaja wazazi wa pande zote na jamaa wengi waliohudhuria. Notari pia aliandika orodha za mali baada ya kifo, ulezi wa mayatima na ugawaji wa mashamba. Kanzidata iitwayo Parchemin imeorodhesha hati za notari tangu 1626 hadi 1801. Sensa za 1666, 1667 na 1681 hutaja watu kwa majina, zikasaidia pia kuziba mapengo ya mwanzo, kama lile la mwaka 1640, kanisa la mji wa Quebec lilipoungua na daftari zake zikalazimika kuandikwa upya kwa kumbukumbu za watu.

Familia za Acadia, koloni nyingine ya Wafaransa iliyokuwa pwani ya mashariki ya Kanada ya leo, ni habari nyingine. Waingereza walipowafukuza Waakadia kuanzia 1755, daftari nyingi zilipotea. Za Port-Royal za tangu 1702 zimesalia, na zile za Saint-Charles-des-Mines zilisafiri na waliofukuzwa hadi Louisiana, zikahifadhiwa huko. Waliokimbilia Quebec waliwapeleka mapadri ndoa walizofunga uhamishoni bila padri ili zihalalishwe, kwa hiyo unaweza kukuta “ndoa” ya watu ambao tayari wana watoto wanne.

Hatua ya sita: kuvuka bahari

Mhamiaji wa kwanza hutambulika kwa ndoa inayotaja parokia na dayosisi ya Ufaransa. Pierre Tremblay alimwoa Ozanne Achon mjini Quebec tarehe 2 Oktoba 1657. Alitoka Randonnai katika Perche, naye mkewe alitoka eneo la La Rochelle. Walipata watoto 12, na kutoka kwao wametokea akina Tremblay wote wa Quebec, jina linaloongoza kwa wingi jimboni humo. Wanawake wengi wa mwanzo walikuwa “filles du roi”, wasichana na wajane wapatao 770 waliosafirishwa kwa gharama ya mfalme kati ya 1663 na 1673. Kwa wahamiaji wote, angalia kwanza Fichier Origine, kanzidata ya bure inayoonyesha kama hati ya ubatizo imeshapatikana Ufaransa, kabla ya kuanza kupekua hifadhi za wilaya za huko.

Si kila mstari unaishia Ufaransa. Daftari hizohizo zina ubatizo na maziko ya watu wa asili na ya watumwa. Mwanahistoria Marcel Trudel alihesabu watumwa wapatao 4,200, theluthi mbili wakiwa watu wa asili na waliobaki wakiwa Waafrika. Wa kwanza anayejulikana kutoka bara letu alikuwa mtoto aliyesemekana ametoka Madagaska, aliyeuzwa Quebec, akabatizwa 1633 kwa jina la Olivier Le Jeune na kuzikwa 1654. Mtumwa huandikwa kwa jina la ubatizo pamoja na jina la bwana wake, kwa hiyo mtafute katika faharasa ya ukoo wa bwana, na katika orodha za mali za notari.

Vipimo vya DNA na uandishi wa mti

Kwa kuwa waanzilishi walikuwa wachache na uzao wao ulioana kwa karne tatu, watu wawili wenye asili ya Quebec huwa ndugu kwa njia nyingi kwa wakati mmoja. Kufikia 1800 Zacharie Cloutier, seremala wa Mortagne, alikuwa na uzao wa watu 10,850 kwa hesabu ya PRDH. Kampuni za vipimo hujumlisha vipande vyote vya urithi, zikakuonyesha binamu wa karibu kuliko alivyo, kwa hiyo hata vitukuu wa babu mmoja walioonyeshwa na kipimo uwathibitishe kwa hati za ndoa.

Katika mti wako, mwandike kila mwanamke kwa jina la kuzaliwa, na lakabu ya “dit” uiweke pamoja na jina la ukoo kama ilivyo katika hati, bila kuisawazisha na tahajia ya leo. Chini ya kila ndoa andika jina la parokia, tarehe na chombo ulichokitumia, hifadhi picha ya ukurasa wenyewe, na pale ulipolitambua jina kwa kukisia, weka alama ya kuuliza ambayo atakayepokea kazi yako ataiona.